Mstari Ulionyooka Karibu na Rongai

Vijana wa chumba cha ramani, siku mliyoniaga mliniomba nisimame niseme machache. Nikasimama, nikasema asanteni, nikakaa. Baadhi yenu mlidhani nimezidiwa na huzuni. Ukweli ni kwamba keki ilikuwa inakatwa, na mtu mwenye maneno kuhusu mistari ya kontua, ile inayoonyesha vimo vya nchi, hawezi kushindana na keki. Sasa niko nyumbani Bondeni, hapahapa Nakuru, meza ni yangu peke yangu, na hakuna anayekula. Acha niandike.

Vyeo sitavitaja, vimo ndani ya faili. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza kusoma nchi, nikitenganisha kilichowekwa na Mungu na kilichowekwa na watu, na jinsi mstari mmoja upande wa Rongai ulivyotutoa jasho katika miaka ya hamsini, nikiwa bado mgeni kazini.

Baba yangu alikuja Nakuru kutoka pwani akiwa mpishi wa reli. Nilipomaliza shule alitaka niingie relini pia, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na wapima ramani walikuwa wanatafuta mtu wa kuandika majina ya mito kwa herufi ndogo zisizotetemeka. Ofisi yao ilikuwa nyumba ya mabati, ya moto mchana na ya baridi asubuhi. Siku ya kwanza nilikwenda na kalamu mbili mpya mfukoni. Hakuna aliyezitazama.

Aliyenipokea alikuwa Zakaria Odera, mtu mrefu wa Nyanza, mpole wa sauti, ambaye alijifunza kusoma picha za ndege akiwa jeshini wakati wa vita vya pili. Aliniketisha mbele ya kifaa kilichofanana na miwani yenye miguu minne. Kiliitwa stereoskopu. Chini yake aliweka picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa na ndege kutoka juu, moja mbele kidogo ya nyingine.

"Tazama," akasema. "Jicho la kushoto liangalie ya kushoto, la kulia ya kulia. Usilazimishe. Ngoja nchi ije yenyewe."

Nikatazama mpaka machozi yakanitoka. Niliona picha mbili za kijivu, basi. Mara, bila onyo, karatasi ikainuka. Miti ikasimama. Mabonde yakafunguka. Nilirudisha kichwa nyuma nikapapasa meza kwa mkono, kwa sababu nilidhani kweli kuna kitu kimechomoza pale.

"Umeona nini?"

"Kilima, Mzee. Kikubwa sana, kimeumuka kama andazi."

Odera akacheka taratibu. Akazibadilisha picha, ya kushoto akaiweka kulia. "Tazama tena."

Lile andazi likaanguka ndani. Likawa shimo pana lenye kuta za mawe na vichaka, na nikalitambua. Ilikuwa Menengai, kreta ambayo nimeishi chini yake tangu kuzaliwa. Picha zikikaa vibaya, shimo huwa mlima na mto hupita juu ya mgongo wa kilima. Kumbe Odera alizipanga hivyo makusudi. Alitaka nijue siku ya kwanza kwamba macho yangu yanaweza kuapa na yakawa yanasema uongo.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha ya kutembea kama watu wengine. Nikienda msikitini nilikuwa najiuliza mnara unaangusha kivuli upande gani. Mama alilalamika kwamba nimeanza kusimama barabarani nikitazama mifereji. Nilikuwa na njaa ya kujua. Kila kitu kilikuwa na sababu ya kuwa pale kilipo.

Mkubwa wetu alikuwa mpimaji Mwingereza, Bwana Whitlow, mwembamba, mwenye Kiswahili cha shambani kilichokatwa miguu, lakini mtu wa haki. Sheria yake ilikuwa moja. "Wewe hapana jua? Sema hapana jua. Halafu kwenda kuona." Yeye mwenyewe aliifuata. Nilimsikia akisema "hapana jua" mbele ya wakubwa wake bila aibu, kisha akachukua kofia.

Kazi yetu ilikuwa kwenda kuona. Waliochora ramani kutokana na picha walikuwa mbali, hawajawahi kukanyaga bonde letu, na kila walipotatizwa waliweka alama ya kuuliza. Sisi tulichukua picha, tukaenda mpaka mahali penyewe, tukatoboa tundu kwa sindano palepale kwenye kitu, na nyuma ya picha tukaandika hicho ni nini. Josho la ng'ombe. Kisima cha bomba. Kanisa. Duka. Mto wa mwaka mzima, au mto wa masika tu, ambao huchorwa kwa buluu iliyokatikakatika ili msafiri asije akafika na kiu yake akakuta mchanga.

Swali la kwanza nililotatua mwenyewe lilihusu Ziwa Nakuru. Huko mbali walikuwa wameona ukanda mweupe ukingoni wakauliza kama ni ufuo wa mchanga. Nikaenda. Ule weupe ulikuwa magadi yaliyokauka, na sehemu nyingine ulikuwa ndege, heroe kwa maelfu wamejipanga majini. Rangi yao nyekundu haikuwa na maana kwenye picha ya kijivu. Niliandika nyuma ya picha: "Huu si mchanga. Sehemu hii imeruka nilipokaribia." Bwana Whitlow aliisoma mara mbili, akaenda nje kucheka.

Odera alinifundisha sheria nyingi ndogo. Miti iliyotawanyika imeota, miti iliyojipanga imepandwa. Njia ya miguu hutafuta mahali pa chini pa kuvukia kilima, kwa sababu mtu hapendi kupanda bure. Mfereji wa maji hauwezi kupanda hata akipenda mwenyewe, kwa hiyo huizunguka miteremko ukifuata kimo kilekile, kama mistari ya kontua. Reli hujipinda sana kwenye mlima, tazameni inavyohangaika kupanda Mau. Uzio wa seng'enge hunyooka, lakini hufika kwenye kona ukageuka, maana shamba lina mwisho. Na juu ya zote alisisitiza moja: "Ukiona mstari umenyooka, tafuta mtu aliyeuchora."

Sheria hiyo ilitufikisha kwenye mstari wa Rongai.

Ulikuwa mwembamba, mweusi kidogo kuliko nyasi, umenyooka kama umepigwa rula, urefu wa karibu maili mbili, ukikata mashamba ya mahindi na malisho kwenye miteremko ya upande wa Menengai. Pembeni yake palikuwa na alama ya kuuliza. Je, ni barabara ya zamani, mfereji, au mpaka?

"Njia ya magari ya ng'ombe," akasema Odera. "Walowezi wa kwanza walipita hapa."

"Mbona inapanda kilima hiki, Mzee, na upande wa pili kuna bonde rahisi?"

Akainamia stereoskopu, akaufuata mstari ukipanda kilima. "Basi ni uzio."

"Haugeuki popote."

Tukampelekea Bwana Whitlow. Akatazama, akakuna shingo. "Hapana jua," akasema, akachukua kofia.

Tulipiga hema karibu na stesheni ya Rongai na asubuhi tukaingia katika shamba la mlowezi mmoja, Bwana Dunmore. Picha ilionyesha kitu ambacho miguu ilikaribia kukikosa. Ukisimama juu ya mstari ule ulikuwa unaona nyasi za kijani zaidi ya nyingine, zimelala katika mbonyeo wa kina cha goti, basi. Hapakuwa na nguzo kuukuu, wala alama za magurudumu, wala udongo uliorundikwa pembeni kama wachimba mfereji wanavyofanya. Tuliufuata kwa miguu. Ulipanda ulipopenda, ukashuka ulipopenda, haukujali maji wala watu. Nilianza kuuogopa, na wakati huohuo nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtoto aliyepewa fumbo.

Juu ya mbonyeo huohuo, nyuma ya mgunga mkubwa, tulikuta kambi ya wafanyakazi wa shamba. Nyumba zilikuwa mpya, za udongo na nyasi, zimejengwa mstari mmoja kufuata ardhi laini. Bwana Dunmore alikuwa amewahamisha hapo miezi michache nyuma ili apande mahindi palipokuwa kambi ya zamani.

Mama mmoja alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo mlangoni. Aliitwa Nafula, mjane kutoka upande wa Bungoma, mchuma maua ya pareto, mama wa watoto watatu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anajua mbonyeo ule ulichimbwa na nani.

"Hakuna mtu alichimba," akasema. "Tulikuta hivyo. Lakini hii mahali ni ya ajabu, kijana. Maji haikai. Ona." Akamwaga maji yaliyobaki kwenye sufuria. Yalitiririka kidogo, yakafika penye nyasi ndefu, yakatoweka. "Ata mvua ikinyesha, kale kamto kanatoka kule juu kanafika hapa, kanaingia chini. Hakatokei ng'ambo."

Odera akapiga magoti, akapangua nyasi. Palikuwa na tundu lisilozidi ngumi. Bwana Whitlow akaokota jiwe dogo, akaliangusha. Tukatega masikio sote wanne. Jiwe liligonga, likagonga tena, likaendelea kugonga, kila mara mbali zaidi. Hatukusikia likifika.

Kisha Odera, akiwa bado amepiga magoti, akasema polepole, "Huu hakuuchora mtu."

Bonde letu linapasuka, vijana, mnajua. Chini ya majivu ya zamani ya Menengai mwamba umekatika, na maji yakipata ule mkato huubeba udongo kidogo kidogo kwa chini. Juu nyasi hubaki zimelala kama mkeka uliofunika kisima. Sisi tulikuwa hatujawahi kuuona ufa wa namna hiyo kwenye picha. Tulikuwa tumeshikilia kwamba asili haijui kunyoosha.

Bwana Whitlow alikwenda kwa mwenye shamba mchana huohuo. Alirudi na uso mwekundu. Bwana Dunmore alikuwa amemwambia kwamba amepitisha trekta pale mara nyingi, na kwamba kazi ya mpima ramani ni kuchora nyumba, si kuzihamisha. Kisheria alisema kweli. Hatukuwa na mamlaka ya kuhamisha hata banda la kuku.

Asubuhi iliyofuata mimi na Odera tulirudi kambini na stereoskopu ndogo ya mfukoni. Tuliiweka juu ya kigoda cha Nafula, tukampangia picha chini yake. Alichukua muda mfupi kuliko mimi kuona. Akaguta, akashika kinywa.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Haimo, Mama," nikasema. "Ndege ilipita kabla hamjahamia hapa."

"Lakini huu ni ule mgunga." Akanyoosha kidole. "Na hii ni njia ya kwenda mtoni. Kwa hivyo nyumba yangu ingekuwa..." Kidole kikasogea, kikasimama juu ya mstari mweusi. Akakiacha pale. "Na ya Mama Atieno hapa. Na ya nyapara hapa. Sisi wote tumeketi juu ya hii kitu."

"Ndiyo, Mama."

Akainua macho, akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi mkisema, mtafukuzwa kazi. Mimi nikisema, ni maneno ya wanawake. Niachieni."

Msifikiri lilikuwa jambo dogo. Siku zile mfanyakazi hakujenga shambani bila ruhusa. Mwenye shamba akikufukuza uliondoka na sufuria na watoto, na jirani yake hakukupokea. Nafula alijua hayo kuliko sisi. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na bakuli la maji, akamwaga mbele ya kila mlango, akawaambia watazame yanakokwenda. Wakakubaliana kuhama wenyewe siku ya Jumapili, kupanda juu ya mgongo wa kilima penye mawe, ambapo maji yalitiririka kama maji ya kawaida.

Jumamosi jioni Bwana Whitlow alimtupia Odera ufunguo wa lori. "Kesho wewe kwenda pima jiwe," akasema. "Mimi hapana uliza jiwe gani."

Kwa hiyo Jumapili tulibeba nguzo, milango, mawe ya kusagia, kuku na bibi mmoja mzee aliyekataa kuketi mbele. Nyapara, aliyeitwa Kiprono, peke yake alibaki. Alisimama mlangoni amekunja mikono. "Bwana aliniweka hapa. Bwana ndiye ataniondoa," akasema. Mkewe alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, akimtazama Nafula.

Jumatatu Bwana Dunmore aliwakuta wameshahamia kilimani. Hakupiga kelele. Aliwaambia ama warudi walipowekwa kabla ya mwisho wa mwezi, ama waondoke kabisa.

Wiki ile sikula vizuri. Mvua za masika zilikuwa zimechelewa, mbingu safi kama sahani. Nilikuwa nikijiuliza itakuwaje kama hakuna kitakachotokea. Ufa ungeweza kulala miaka mingine mingi, na watu wote wale wangefukuzwa kwa sababu ya mstari kwenye picha. Nikimwazia Nafula na watoto wake barabarani, nilitaka mvua ije. Nikimwazia mke wa Kiprono, niliomba isije. Odera alinikuta nimekodolea macho mawingu membamba juu ya Mau, akasema, "Rashidi, ulichosoma umekisoma sawasawa. Lini kitatokea, hilo halimo kwenye picha."

Mvua ikaja mchana mmoja, nzito, ya mawe. Tulikuwa karibu na kambi mpya, tunaangalia josho, tukakimbilia chini ya ukumbi wa Nafula. Kutoka kule juu tuliona bonde lote. Maji ya udongo yalishuka mteremkoni kwa upana, yakafika kwenye mbonyeo, yakageuka yote kwa pamoja na kuingia chini, kama kuna aliyefungua mlango.

Nafula hakungoja. Aliingia mvuani, akasimama ukingoni mwa mawe, akapiga kelele iliyoushinda mvumo wa mvua. "Mama Cheptoo! Toka! Shika mtoto utoke!"

Mlango wa nyapara ukafunguka. Mkewe akatoka mbio na mtoto, akipanda kuja kwetu, na nyuma yake Kiprono mwenyewe, nadhani akimfuata ili amrudishe. Odera alishuka akawashika mikono akawavuta. Walikuwa bado wanapanda mteremko, ardhi ilipotoa mlio. Sijui niufananishe na nini. Ulikuwa mlio mnene, wa chini, ulioingia kwa miguu kabla ya masikio. Nyasi zikazama, kuanzia upande wa juu, zikafuatana kuja chini kama kitambaa kinachochanwa. Mgunga ukaegama. Palipokuwa na nyumba zao za awali pakawa na handaki jeusi lenye kuta wima na maji yakinguruma ndani. Nyumba ya Kiprono ilisimama kidogo upande mmoja, kisha nayo ikaenda, pamoja na baiskeli yake mpya iliyoegemea ukutani. Kiprono aliitazama ile baiskeli ikipinduka, halafu akamtazama mtoto mgongoni kwa mkewe, akaketi chini matopeni.

Bwana Dunmore alifika akikimbia upande wa pili, amelowa, bila kofia. Hakuweza kuvuka. Shamba lake lilikuwa limegawanyika mara mbili. Akaweka mikono kinywani.

"Watu wote iko?"

Nafula alihesabu kwa macho, akamaliza, akajibu, "Wote iko, Bwana!"

Yule mzungu akabaki amesimama pale katika mvua, mikono imening'inia. Habari ya kuhama haikutajwa tena, na kabla mwezi haujaisha alipeleka mabati na misumari kambini bila barua yoyote.

Sasa mnajiuliza tuliuchoraje. Ubishi ulikuwepo. Katika ufunguo wa ramani kulikuwa na alama ya genge, yaani ukingo wima wa mwamba, ya mto, ya mfereji, ya machimbo ya mawe, lakini hapakuwa na alama ya ardhi iliyofunguka. Bwana Whitlow alitaka vistari vya genge kila upande. Odera alisema msomaji atadhani ni bonde la mto na atatafuta maji. Mwishowe walikubaliana kwa vistari vya genge pande zote mbili, bila buluu katikati, na kando yake neno la Kiingereza lenye maana ya ufa. Neno hilo niliandika mimi, kwa herufi ndogo zisizotetemeka. Tangu hapo kila mstari ulionyooka uliotufikia mezani tuliuuliza maswali mawili: nani aliuchora, na kama hakuna, maji yanakwenda wapi.

Ramani ilichukua muda mrefu kuchapwa. Ilipofika, Odera aliniambia nichukue nakala moja niipeleke Rongai. Nilimkuta Nafula mbele ya nyumba yake mgongoni mwa kilima, akianika pareto. Nikaitandaza karatasi chini, nikaweka mawe kwenye pembe. Wenziwe wakakusanyika.

Nikamwonyesha reli, stesheni, josho, ufa. Akavipitisha vyote kwa kidole bila haraka.

"Na sasa mimi nimo?"

"Umo, Mama." Nikamwonyesha vinukta vyeusi, vimejipanga juu ya mistari ya kahawia. "Hiki cha mwisho ndicho nyumba yako."

Akainama, akakitazama kwa karibu sana. "Mtu wa mbali, ambaye hanijui, akishika hii karatasi, anaweza kufika hapa?"

"Anaweza. Atafika mpaka mlangoni."

Nafula akainuka, akautazama ua wake, maganda ya mahindi na kinyesi cha kuku.

"Basi nipeeni ufagio," akasema.